MAKOFI SI UAMUZI

Umeingia ugonjwa katika mikutano yetu, na kwa kuwa hapana anayependa kuutaja, sisi tutautaja. Ugonjwa wenyewe ni makofi. Mwenyekiti husimama, husoma jambo ambalo watu wanalisikia kwa mara ya kwanza, kisha huuliza, "Mnakubali, hamkubali?" Umati hupiga makofi. Katibu huandika kwamba mkutano umeridhia kwa kauli moja, na watu hushika njia kurudi makwao. Njiani ndipo mkutano wa kweli unapoanza. Huko, wawili wawili na watatu watatu, utasikia kila shaka, kila pingamizi na kila hesabu ambayo ilipasa kusemwa mbele ya meza. Lakini katibu hayuko njiani, na daftari lake limekwisha fungwa.

Twajua wapo viongozi watakaokasirishwa na maneno haya. Watasema gazeti la chama si mahali pa kuanika mambo ya ndani. Sisi twajibu kwamba chama ni cha wanachama, gazeti ni la wanachama, na mficha uchi hazai.

Wengi wetu tunaofanya kazi ya kujenga matawi tumepita vyuo vya ualimu, na huko tulikatazwa swali moja. Mwalimu mgeni akimaliza somo huwauliza watoto, "Mmeelewa?" Darasa zima huitika, "Ndiyooo, mwalimu!" Naye hutoka amefurahi, kumbe hajui lolote. Watoto wameitika kwa sababu sauti ya swali imewaambia namna ya kuitika. Ukitaka kujua kama mtoto ameelewa, mpe chaki aende ubaoni. Basi "Mnakubali?" ni "Mmeelewa?" ya watu wazima. Ajabu ni kwamba mwalimu anayejua kutouliza swali hilo darasani, akichaguliwa kuwa mwenyekiti huliuliza kila mkutano.

Mtu akitwambia kwamba haya ni mambo madogo ya taratibu, na kwamba nchi ina matatizo makubwa kuliko namna ya kuendesha vikao, tutamwomba apande nasi mpaka Matombo.

Mnamo mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilianzisha katika milima yetu Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru. Makusudi yake yalikuwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na kulinda maji ya mto Ruvu. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi ubavuni mwa mlima na kuacha kuchoma moto mashamba. Wala tusiseme kwamba hatari ilikuwa ya kubuni. Mlima wetu ni mkali, mvua yake ni nyingi, na kila aliyeuona mto masika, ulivyo mwekundu kama damu ya mzee, anajua kwamba ule wekundu ni shamba la mtu linakwenda baharini. Udongo ulikuwa ukiteremka kweli. Bwana Shamba hakukosea kuuona ugonjwa. Dawa yake ndiyo aliyoipika peke yake, akaja kuwanywesha watu.

Na watu walikuwa na habari ambazo Bwana Shamba hakuwa nazo. Katika mashamba mengi udongo mzuri wa mlimani ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi bila hadhari, udongo mzuri unafukiwa chini na udongo mbichi unakuja juu, na mahindi yanatoka ya manjano. Hili mkulima alilijua tangu msimu wa kwanza. Kisha ardhi ya Uluguru ni ya koo, hupita kwa upande wa mama, na mtu anaweza kulima kipande cha ukoo usio wake kwa ruhusa ya wenyewe. Aliyeazimwa shamba, akichimba tuta la kudumu, je, shamba litakuwa la nani? Swali hilo lilikuwa zito kuliko tuta lenyewe, maana liligusa urithi wa watoto. Tena kazi ya matuta ilikula siku za kulima chakula, na asiyeitimiza alipelekwa mbele ya baraza akatozwa faini. Habari zote hizo zilikuwa vinywani mwa watu, na hapakuwa na kikao cha kuzipokea.

Hapana, vikao vilikuwapo! Vilikuwapo mabaraza mengi. Lakini angalieni ni nani aliyeulizwa katika mabaraza hayo. Kabla ya wakoloni Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja juu ya mlima mzima. Kila ukoo ulikuwa na ardhi yake na mkubwa wake. Waingereza, kwa kutaka mtu mmoja wa kuzungumza naye, walijenga ngazi ya masultani na wakubwa wadogo waliolipwa mshahara na serikali, na hao ndio waliokubali mpango kwa niaba ya wote. Aliyeulizwa hakuwa mwenye ardhi, na mwenye ardhi hakuulizwa. Juu ya karatasi wenyeji walikuwa wameridhia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwezi wa Julai 1955 mshindo ulisikika Matombo. Watu walikusanyika kupinga matuta, polisi wakaitwa, risasi zikapigwa, na mtu mmoja akafa. Mpango uliokuwa na mabwana shamba wake, fedha zake, ramani zake na miaka mitano ya kazi ukaachwa. TANU wakati huo ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu, maana ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Ni desturi ya kila mtawala, jambo likimharibikia, kutafuta mchochezi. Lakini hapana mchochezi ambaye angeweza kufanya kazi kubwa kuliko ile iliyofanywa na mabaraza ya "ndiyo, Bwana" kwa miaka mitano mfululizo.

Sasa tuulize. Je, Waluguru ni watu wasiopenda matuta? Nendeni Mgeta, upande wa magharibi wa mlima huo huo, mkaone kabichi, karoti na njegere zilivyopangwa juu ya matuta tangu bondeni hata juu, na hapana polisi anayesimamia. Watu wanachimba kwa sababu mboga zinalipa, na kwa sababu wameamua wenyewe. Au nendeni Kibungo Juu. Katika miaka ya karibu na 2010 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko mpango ambao wakulima walilipwa kwa kuhifadhi udongo, kwa kuwa maji ya Ruvu yananywewa na watu wa Dar es Salaam, na anayekunywa ana deni kwa anayetunza. Matuta yakachimbwa. Mlima ni ule ule, jembe ni lile lile, hata shabaha ya kulinda Ruvu ni ile ile ya mkoloni. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mkulima aliulizwa kabla, akajua atapata nini, na aliweza kukataa. Tunasisitiza neno hilo la mwisho. Mtu asiyeweza kukataa hawezi kukubali. Anaweza kutii tu.

Wapo wanaotujibu kwa mti. Husema, "Hayo ya kura na kuhesabu mikono ni mambo ya kigeni. Wazee wetu walikaa chini ya mti, wakazungumza mpaka wakakubaliana." Mwalimu Nyerere aliandika hivyo mara nyingi, nasi hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na wale wanaouchukua mti wa Mwalimu na kuyaacha mazungumzo. Wazee walizungumza *mpaka* wakakubaliana. Ikiwa jambo halikwisha leo, walirudi kesho, na kesho kutwa. Hapana mzee aliyesimama dakika tano kabla ya magharibi akasema, "Kwa hiyo tumekubaliana, au siyo?" Wenzetu hawa wanataka umoja wa wazee bila ya subira ya wazee.

Tena, tuseme kweli yote. Mti ule haukuwa na kivuli cha kuwatosha watu wote. Kijana alikaa pembeni akanyamaza. Na katika Uluguru yetu, ambako ardhi hupita kwa mama, neno mara nyingi lilipita kwa mjomba. Sisi hatukupigania uhuru ili turudi kunyamaza pembeni. Kama tunauchukua mti, basi tuupanue.

Tuwape mfano tuliouona kwa macho yetu. Kijiji hatukitaji, wenyewe watajijua, na wengine si lazima. Ilikuwa iamuliwe kwamba maji ya chemchemi yateremshwe kwa bomba mpaka senta, penye shule na soko la ndizi. Jambo jema kabisa. Mkutano uliitwa saa nne, ukaanza saa saba. Mwenyekiti alizungumza, mtendaji akazungumza, mgeni aliyetoka mjini akazungumza, na kila mmoja alianza kwa kuwasalimia waliotangulia kusalimia. Kisha likaulizwa swali: "Wananchi, mnataka maji, hamtaki maji?"

Ni nani chini ya jua asiyetaka maji? Makofi yalisikika mpaka bondeni.

Lakini kitongoji cha juu, ambako chemchemi yenyewe inatoka, kina akina mama wanaoteka hapo na kumwagilia bustani zao wakati wa kiangazi. Mama mmoja wa huko alinyosha mkono mara mbili. Aliambiwa angoje "mengineyo". Mengineyo, ndugu zetu, ndilo kaburi la maswali katika nchi hii. Huwekwa mwishoni kabisa, jua likiwa limezama, watoto wanalia na wingu limetanda, na yeyote anayethubutu kusema huonekana adui wa wote wanaotaka kwenda nyumbani. Yule mama hakusema. Katibu akaandika "kauli moja".

Kiangazi kilipofika bomba lilikatwa usiku. Likaungwa, likakatwa tena. Mgambo walipelekwa kulala mlimani, na asubuhi bomba lilikuwa limekatwa mahali pengine. Zikaanza hadithi za wapinga maendeleo, na jina la mtu mmoja asiyehusika likatajwatajwa kwa sababu tu alikuwa na tabia ya kuuliza. Kijiji kizima kilijua sababu. Mwishowe watu wachache wenye busara waliwachukua wa senta na wa kitongoji cha juu, wakaketi nao siku nzima pale pale kwenye chemchemi, bila jukwaa wala mgeni rasmi. Waliyapima maji kwa ndoo. Wakaona kwamba yanatosha wote ikiwa koki ya kwenda chini itafungwa saa fulani za jioni, na toleo moja libaki wazi juu. Yule mama ndiye aliyetaja saa, maana ndiye ajuaye lini watu wanamwagilia. Bomba halijakatwa tena tangu siku hiyo. Siku moja ya mazungumzo ilitenda yaliyowashinda mgambo kwa miezi mitatu.

Tunaposimulia haya tunaambiwa, "Mikutano mirefu inachelewesha maendeleo." Nasi twakubali kwamba mikutano yetu ni mirefu mno! Lakini hebu tuhesabu hayo masaa yanakwenda wapi. Saa nzima ni itifaki na utambulisho. Saa mbili ni hotuba ambazo zingeweza kubandikwa ubaoni siku tatu kabla. Dakika nne ni uamuzi. Anayetaka kuokoa wakati akate hotuba, aziache zile dakika nne ziwe saa moja. Huyo mpenda mbio hakati hotuba kamwe, maana hotuba ni yake, na saa ya maswali ni ya watu.

Wako pia wanaoogopa kwamba mabishano yatavunja chama. Kwa hao tuna habari iliyotokea hapa hapa mjini Morogoro, na ni aibu kwamba vijana wengi wa Morogoro hawaijui.

Tarehe 25 Aprili 1969 wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini, chama cha ANC, waliokuwa uhamishoni, walianza mkutano wao katika mji huu, na mkutano ukaendelea mpaka tarehe 1 Mei. Hali yao ilikuwa mbaya. Mwaka 1967 wapiganaji wao, pamoja na wenzao wa ZAPU, waliingia Rhodesia kwa njia ya Wankie, wakapata hasara kubwa. Wengine waliangukia jela za Botswana. Mmoja wa waliorudi kutoka huko alikuwa Chris Hani, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 27. Yeye na wenzake sita waliandika waraka wa kuwakosoa viongozi waziwazi: kwamba viongozi wamekuwa mbali na wapiganaji, kwamba wengine wanastarehe, kwamba mapambano ndani ya nchi yenyewe yamesahauliwa. Waraka huo uliwaudhi wakubwa kupita kiasi, na waandishi wake wakasimamishwa uanachama.

Ingekuwa katika matawi fulani tunayoyajua, hadithi ingeishia hapo: waraka umechomwa, vijana wamefukuzwa, makofi. Lakini Oliver Tambo aliitisha mkutano. Wajumbe zaidi ya 70 walikuja, na yale yale yaliyokuwa ndani ya waraka yakazungumzwa mezani. Tambo mwenyewe alijiuzulu mbele ya mkutano, nao wajumbe wakamrudisha kwenye uongozi. Halmashauri ikapunguzwa ukubwa. Likaundwa Baraza la Mapinduzi la kusimamia mapambano. Chama kikafungua mlango wa uanachama huko uhamishoni kwa wasio Waafrika, ingawa nafasi katika halmashauri kuu hawakupewa mpaka mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Jambo lisilokubalika lote liliachwa hapo lilipofika, bila kudanganyana kwamba limekwisha. Hani na wenzake baadaye walirudishwa chamani, na mwaka 1977 chama hicho kilipewa ardhi pale Mazimbu, kikajenga shule ambayo leo majengo yake ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Chama kile hakikuvunjika kwa kubishana. Kilikuwa karibu kuvunjika kwa kunyamaza.

Na kwa kuwa tumeahidi kusema kweli, hatuwezi kuutaja mwaka 1969 tukaishia kwa wageni wetu. Mwaka huo huo, kule Songea, kulikuwa na vijiji vilivyoungana katika chama cha maendeleo kilichojulikana kwa jina la RDA, ambacho mama yake ni kijiji cha Litowa. Watu wa vijiji hivyo walikuwa wanalima pamoja, wana shule yao, na mambo yao waliyaamua katika mikutano yao wenyewe: nani alime wapi, mapato yagawanywe vipi, nani awe kiongozi na nani aondolewe. Vilikuwa vijiji vya ujamaa kabla Azimio la Arusha la 1967 halijatangazwa. Mwalimu alivipenda. Lakini palikuwa na wakubwa wa mkoa na wa chama ambao hawakupenda watu wasiongoja kuambiwa. Mnamo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikifuta chama hicho. Miezi mitano baada ya wageni kutufundisha mjini Morogoro namna ya kusikiliza, sisi wenyewe tuliwafukuza waliokuwa wanajua kuamua.

Matokeo yakaonekana. Ulipofika mwaka 1973 na agizo kwamba watu wote wakae vijijini kabla ya mwisho wa 1976, kazi ilifanywa kwa malori na amri. Katika sehemu nyingi watu walishushwa mahali ambapo hawakupachagua, wakaambiwa hapo ndipo kijiji chao. Uongozi ule ule ulikuwa umetoa Mwongozo mwaka 1971, ukiwakataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Maandishi yalikuwa mazuri sana. Nani aliyasoma siku malori yalipokuja?

Twasema haya bila kuwakejeli waliotutangulia. Wao walikuwa na haraka ya kujenga nchi. Lakini haraka ile ile tunaiona leo kwa watu ambao hawana hata kisingizio chao.

Leo tunayo sheria, na sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyojua. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 mwenye kauli ya mwisho kijijini ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Halmashauri yenye watu 15 hadi 25 ni mtumishi wake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu kutangulia. Hebu lifikirini neno *idhini*. Mwenye fedha atakayetaka eka mia tano za mlima kwa mdalasini au karafuu hahitaji kuwashinda watu wote wa kijiji. Yamtosha mkutano mmoja wa makofi na katibu mmoja mwenye kalamu. Shamba ambalo mkoloni alishindwa kulichezea kwa bunduki linaweza kuondoka kwa muhtasari wa kurasa mbili ambao hakuna aliyesomewa. Na mtakapokwenda kulalamika mtaonyeshwa karatasi: "Mkutano umeridhia kwa kauli moja." Sahihi zenu, za mahudhurio, zipo nyuma, zimegeuzwa kuwa sahihi za kukubali.

Ndiyo maana hatuoni aibu kuzungumza habari ya ajenda kama mtu azungumzaye habari ya mbegu. Ajenda ibandikwe mapema penye watu, kisimani na sokoni, wala si ofisini tu. Jambo la kuamuliwa liandikwe kwa namna ambayo mtu anaweza kujibu zaidi ya jibu moja. "Mnataka maji?" si swali. "Maji yapite wapi, na kitongoji gani kitapungukiwa kwa kiasi gani?" ni swali. Mwenyekiti azungumze wa mwisho. Akizungumza wa kwanza, wote wanaomfuata hawatoi maoni yao juu ya jambo. Wanatoa maoni juu ya mwenyekiti. Waulizwe kwanza wale ambao mikono yao ndiyo itakayoifanya kazi, na katika mlima huu mara nyingi hao ni akina mama. Kama hawasemi mbele ya wajomba, basi wapewe saa yao wazungumze kwanza wenyewe, kisha walete neno lao.

Tukishindwa kukubaliana, tuhesabu. Na hesabu iandikwe: waliokubali 41, waliokataa 17. Wengine huona aibu kuandika wale 17, kana kwamba ni doa. Sisi tunaona ndiyo hazina ya muhtasari. Wale 17 wakijua kwamba wamehesabiwa na sababu yao imeandikwa, watarudi mkutano ujao kuitetea. Wakiambiwa kwamba hawakuwapo, watakwenda mlimani usiku na msumeno.

Wapo wenzetu wa namna nyingine pia, wanaopinga kila kitu ili wasikike, na ambao mkutano ukiwapa saa moja wataomba ya pili. Tunawajua kwa majina. Dawa yao ni mwenyekiti mwenye saa mkononi na moyo wa haki. Kuwafanya hao kuwa sababu ya kuwanyamazisha watu wote ni kuichoma nyumba kwa ajili ya panya.

Jambo la mwisho ni muhtasari. Mkutano wowote unaoanza bila kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, mbele ya watu, kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na mapato na matumizi, ni mkutano usiojua ulikotoka. Nani alipewa kazi gani? Alipaswa kuimaliza lini? Fedha kiasi gani zilitoka? Tumeona vijiji ambavyo daftari la muhtasari hukaa nyumbani kwa mtu, chini ya godoro, na likitakiwa mwenyewe amesafiri.

Basi wanachama wa matawi ya Matombo, Mkuyuni, Kinole, Mgeta na mjini, mikutano mikuu ya vijiji hufanyika kila miezi mitatu. Mtakapoitwa, nendeni mapema, mketi mbele, kina mama wakiwa mbele zaidi. Msipige makofi. Mwenyekiti atakapofungua kinywa kusema "mnakubali", mmoja wenu asimame kwa heshima, aseme: "Ndugu Mwenyekiti, kabla hatujafika huko, tunaomba daftari lisomwe."

Akiambiwa angoje mengineyo, abaki amesimama.